Macho ya Mbwa Aitwaye Polisi

Tarehe kumi na tisa Novemba mwaka wa 1998, siku ya Alhamisi, saa nne na kitu asubuhi, nilipoteza macho ya mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa nyumbani Boito, mzima kabisa, akila makombo ya watu waliokuja matanga. Ni macho yake ya kwenye picha niliyoyapoteza, kwa kubonyeza kitufe ambacho sikupaswa kukibonyeza. Mwenye mbwa, mume wangu Joel, alikuwa amefariki Jumatatu ya wiki hiyo. Malaria ilimchukua kwa siku nne. Nayataja yote mawili pamoja kwa sababu yalinijia pamoja. Watu wakinisikia huniambia nianze na lile kubwa na niache lile dogo. Siwezi. Lile dogo ndilo lililokuwa mikononi mwangu.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi kwenye maduka ya picha, iwe Kericho, Litein au Bomet, mnagusa kioo cha simu mara moja na ule mwako wa macho unaoletwa na flashi unatoweka. Siwaonei wivu. Lakini nikipita madukani kwenu naona picha za mbwa na paka mlizosafisha, na wote wana jicho moja. Namaanisha jicho lile lile, mbwa wa huyu na paka wa yule, jeusi, la mviringo, kama kifungo cha koti. Inanikera. Ndiyo maana nimeketi niandike, nikiwa nimestaafu na nilikuwa na nia ya kupumzika.

Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa kugusa picha katika studio ya mzee Ng'ang'a mjini Kericho. Kugusa ni kuziba vidoa vya vumbi, kupunguza makunyanzi ya mama asiyetaka makunyanzi, kurudisha nyusi zilizopotea kwa mwanga. Kwa miaka kumi na minane nilifanya kwa brashi yenye nywele tatu na wino wa kuchanganya na maji. Ng'ang'a alikuwa ametoka Nyeri zamani, akanunua plot, akafungua studio, na alikuwa mtu wa kelele kupita kiasi. Lakini brashi aliijua. Aliniketisha dirishani siku ya kwanza, akanipa picha iliyoharibika ya mzee fulani, akaniambia nitie mboni ya jicho. Nikatia tone jeusi.

"Hiyo ni nini?" akaniuliza.

"Ni jicho."

"Hilo ni shimo la panya. Jicho si shimo, mama. Jicho ni maji. Maji yana kina na yana mwanga juu yake. Toa hiyo, anza tena."

Nilianza tena mara sita. Nilitoka siku hiyo nikiwa nimemchukia, na kazi nikawa nimeijua.

Mwaka wa 1997 akanunua kompyuta, skana na printa ya wino, na programu ya kuhariri picha iliyokuja kwenye sidii. Kitabu cha maelezo kilikuwa kinene kuliko Biblia yangu, tena Kiingereza kitupu. Ng'ang'a akaketi mbele ya ile mashine wiki nzima akipiga meza. Wiki ya pili akanisukumia.

"Wewe una mkono," akasema. "Hii ni brashi tu, isipokuwa imefungwa kwa waya."

Haikuwa brashi. Brashi haikwami. Brashi haikuulizi kama una uhakika, wala stima ikipotea haipotezi kazi ya tangu asubuhi. Na stima ya Kericho ya miaka hiyo ilipotea kila mvua iliponyesha. Sasa jiulizeni mvua ya Kericho hunyesha mara ngapi.

Kwenye ile programu kulikuwa na kifaa cha kuondoa macho mekundu. Mtu akipigwa picha gizani kwa flashi, macho yake huwa mekundu. Unakipeleka kile kifaa juu ya jicho, unabonyeza, wekundu unaisha. Ng'ang'a alifurahi sana. Akaandika kwenye kibao cha nje kwamba tunaondoa macho mabaya. Nilimwambia maneno hayo yataleta watu wa kuombewa. Hakusikia, na kweli walikuja wawili.

Shida ni kwamba macho ya wanyama hayawi mekundu. Nyuma ya jicho la mbwa, la paka, la ng'ombe, kuna kitu kama kioo. Mwanga wa flashi unaingia, unagonga hapo, unarudi ulikotoka. Kwenye picha yanatoka ya kijani, au manjano, au meupe kama taa za lori la majani chai. Kile kifaa kinatafuta wekundu, na hapo hakuna wekundu, kwa hivyo hakifanyi kitu, au kinafanya kitu kibaya zaidi. Niliondoa ulimi wa mbwa mmoja nikidhani naondoa macho yake. Ulikuwa mwekundu, kikauona, kikaufanya wa kijivu. Mwenye mbwa aliniuliza kama amekufa kwenye picha.

Basi ikabidi niyachore macho kwa mkono, ndani ya kompyuta, nukta kwa nukta. Hapo ndipo nilipofanya kosa la ng'ombe.

Alikuja mzee mmoja kutoka Chebunyo na picha ya ng'ombe wake iliyopigwa jioni zizini. Ng'ombe yule alikuwa anakwenda kwa wakwe, kwenye mahari ya kijana wake, na mzee alitaka abaki na sura yake. Macho yaliwaka meupe yote mawili. Nikayaondoa. Nikatia mboni nzuri, zenye kina, zenye tone la mwanga, kama nilivyofundishwa. Nikamkabidhi nikijisikia fundi.

Mzee akaitazama. Akaigeuza. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Mama, hii ng'ombe umeifanyia nini?"

"Nimeondoa ule mwako, mzee."

"Umeondoa na ng'ombe mwenyewe. Huyu ananiangalia kama karani wa chifu."

Ng'ang'a akacheka nyuma ya pazia. Nikamwambia mzee sioni tatizo.

"Ng'ombe hana jicho la mviringo," akasema polepole, kama anavyosema mtu na mtoto. "Lake limelala. Ni refu hivi, kutoka hapa hadi hapa. Wewe umezaliwa wapi, Nairobi?"

"Hapa Konoin."

"Aa. Konoin mna majani chai tu. Ng'ombe mmesahau."

Nilikuwa na ng'ombe wawili nyumbani. Nilikuwa nakamua kila asubuhi ya Mungu kabla ya kuja mjini, paji la uso likiwa limeegemea ubavu wa ng'ombe, na sikuwa nimewahi kumtazama jichoni. Jioni hiyo nikachukua tochi ya Joel nikaenda zizini nikamtazama. Mboni ilikuwa imelala, kama mzee alivyosema. Joel akaja kuuliza kama ng'ombe ni mgonjwa.

"Si mgonjwa. Namsoma."

"Sawa," akasema. "Ukimaliza sura hiyo, njoo kuna chai."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kuuliza swali la pili.

Kwa hivyo shikeni hili, na ni bure. Kabla hujagusa jicho la mnyama yeyote, nenda umtazame mmoja aliye hai. Mboni ya ng'ombe na ya mbuzi imelala. Ya paka husimama mchana, na gizani hupanuka ikawa duara. Ya mbwa ni duara, lakini ina rangi ya kahawia pembeni, na hiyo rangi hutofautiana mbwa kwa mbwa. Usitie weusi mtupu. Tone la mwanga liwe upande mmoja kwa macho yote mawili, maana jua haliwi pande mbili. Na kabla ya yote, kabla hata ya kunyoosha vidole, hifadhi kazi yako kwa jina jingine. Ile picha ya kwanza isiguswe. Nitarudia hili mpaka mchoke, kwa sababu ndilo lililoniangusha.

Joel hakuwa na picha. Mke wa mtu anafanya kazi studio miaka kumi na tisa, na mumewe hana picha. Mnaweza kunicheka. Nilikuwa nikifika nyumbani nimechoka na nyuso. Ilikuwepo ya harusi, amekonda, suruali imepanuka chini kama kengele. Ilikuwepo ya kitambulisho, ambayo mtu yeyote hufanana na aliyekamatwa. Na ilikuwepo moja ya Agosti mwaka huo wa 1998. Ng'ang'a alikuja kwetu Boito kununua mbuzi, akaja na flashi mpya anataka kuijaribu. Ilikuwa jioni. Joel ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka kituo cha majani, kikapu bado mgongoni. Alichuchumaa mlangoni pa jikoni akamkumbatia mbwa shingoni, akacheka. Ng'ang'a akapiga. Joel alitoka vizuri, alitoka yeye mwenyewe. Polisi, yule mbwa, alitoka na macho mawili ya kijani yanayowaka.

Alipofariki, kamati ya mazishi ikataka picha kubwa ya kuweka kwenye meza mbele ya jeneza, na nyingine ndogo ya kwenye karatasi ya ratiba ya ibada. Nikawapa hiyo. Mchungaji akaishika kwa vidole viwili.

"Mama Cheptoo," akaniambia kwa upole, "hii haiwezi."

"Ni flashi, mchungaji."

"Mimi na wewe tunajua ni flashi. Lakini unajua watu wanasemaje siku hizi."

Nilijua. Miaka hiyo watu walikuwa wakizungumza juu ya kuabudu shetani kila mahali, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya majani. Mtu aliona nyoka kwenye kitambaa cha pazia akachoma pazia. Macho kama yale mbele ya jeneza yangekuwa habari ya mwaka mzima.

"Basi kata mbwa," akasema mzee mmoja wa kamati.

Mkono wa Joel ulikuwa shingoni mwa mbwa. Ukikata mbwa unakata na mkono. Niliwaambia hivyo. Mmoja akasema kwani si hii ndiyo kazi yako ya mjini. Kweli ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kwa hivyo Alhamisi, mwili ukiwa bado mochari, nilishuka Kericho kwenda kurekebisha macho ya mbwa.

Nisikilizeni jinsi mtu anavyoharibu. Kwanza niliiweka picha kwenye skana, nikaihifadhi. Hapo nilifanya vizuri. Kisha, kwa sababu sikuwa naiamini ile mashine, nikachukua ile picha ya karatasi nikajaribu kwa brashi, kama zamani. Lakini zamani nilikuwa nagusa picha nyeusi na nyeupe, na hii ilikuwa ya rangi, yenye karatasi ya kung'aa. Wino haukushika. Ulitambaa. Polisi akawa na mashimo mawili meusi yanayotiririka hadi puani. Nikaifuta, nikafuta na pua.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikayajaza macho weusi ili nione pa kuanzia. Radi ikapiga upande wa Brooke, nje kidogo ya mji, taa ikapepesa, nikaogopa stima itapotea, nikahifadhi haraka. Juu ya ile ile, kwa jina lile lile. Taa haikuzimika. Nilikuwa nimehifadhi mashimo mawili meusi juu ya picha pekee iliyobaki, na ile programu ilikuwa na akili ya kurudi nyuma hatua moja tu. Nilipobonyeza irudi, nilikuwa nimeshabonyeza kitu kingine, na hatua yenyewe ilikuwa imeliwa na hicho.

Nikamwita Ng'ang'a.

"Negativu ya ile picha ya Boito iko wapi?"

Akajikuna shingo. Tangu kompyuta ije alikuwa akitupa makopo yote ya negativu, zile filamu tulizotolea picha. Alisema wakati ule kwamba hakuna haja ya kuweka takataka, kompyuta inakumbuka.

"Ngai," akasema. "Mama Cheptoo. Hata ile?"

"Hata ile."

Hakupiga kelele siku hiyo. Alienda akasimama mlangoni akitazama mvua, akarudi, akaniletea kikombe cha chai ambacho sikukinywa. Kisha akasema kwamba ndani ya kompyuta kuna mbwa mwingine. Meneja wa shamba moja kubwa la chai alikuwa ameleta picha ya mbwa wake wiki chache kabla, imepigwa mchana, macho safi. "Chukua yale," akasema. "Nani atajua?"

Nikachukua. Sikuwa mtu wa kufanya hivyo, na sikujilazimisha sana kukataa. Niliyakata macho ya mbwa wa meneja nikayapunguza, nikayapeleka kwenye uso wa Polisi, nikayalainisha kingo, nikapanga mwanga. Kwa kazi ya mkono, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Wino wa buluu uliisha printa ikiwa katikati, Joel akatoka na rangi ya homa, ikabidi Ng'ang'a atafute wino mwingine mji mzima. Ijumaa jioni picha ilikuwa Boito, kwenye fremu. Mchungaji akasema sasa hii ni sawa. Jumamosi tukazika. Watu waliitazama ile picha, wakasema Joel alikuwa mtu wa kucheka, na hakuna aliyesema neno juu ya mbwa.

Mama yake Joel tulimwita Kogo, yaani nyanya, kama watoto walivyomwita. Alikuwa mtu mfupi, anatembea haraka, haongei na asiyemjua. Matanga yalipoisha, majirani wakaenda, tukabaki mimi na yeye nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja. Cheptoo, binti yangu, alirudi shuleni. Kama wiki mbili zikapita. Siku moja nikiwa nachambua mboga akaja na ile fremu chini ya leso, akaiegemeza kwenye sufuria, akakaa kwenye kiti kidogo.

"Huyu mbwa ni wa nani?" akaniuliza kwa Kipsigis.

Nikamwambia ni Polisi.

"Polisi yuko pale nje anajikuna. Nauliza huyu."

Nikaendelea kuchambua mboga. Akangoja. Kogo alijua kungoja.

"Mwili ni wa Polisi," nikasema. "Macho ni ya mbwa wa meneja."

Akaitazama tena kwa muda.

"Ndiyo maana," akasema. "Huyu ni mbwa aliyeshiba. Polisi hajawahi kumtazama mtu hivi tangu azaliwe."

Nikaanza kueleza. Nilieleza mchungaji, na brashi, na radi, na ile programu, na makopo ya negativu. Nilikuwa nimekasirika nikieleza, kama nilivyokuwa nimekasirika siku hizo zote, kwa sababu kukasirikia kompyuta kulikuwa na mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia. Kogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Na yale ya kwanza yalikuwa na ubaya gani?"

"Yalikuwa yanawaka, Kogo."

"Yanawaka kila siku. Wewe unafika kutoka mjini umechelewa, unaingia kwako, unapika. Mimi ndiye ninayekaa mlangoni na tochi kumulika njia. Majani yakikawia kupimwa, Joel na mbwa wanarudi giza limeingia. Unaona macho ya mbwa kwanza, pale chini kwenye kona. Mawili. Halafu yanapanda. Halafu unaona miguu ya Joel. Miaka saba nimemwona hivyo." Akagonga kioo cha fremu kwa ukucha. "Wewe umeniondolea yale nilikuwa namjulia nayo."

Nikaweka mboga chini.

"Yarudishe," akasema, akainuka akaenda zake.

Mnaelewa kilichokuwa kimeniangukia. Nilikuwa nimejifunza kwa shida kuondoa mwako, nilitukanwa na mzee wa Chebunyo kwa sababu yake, na sasa nilitakiwa niuchore. Hakuna kifaa cha kutia mwako. Hakuna mtu aliyewahi kuutaka. Na ule wenyewe nilikuwa nimeufuta, kwa hivyo sikuwa na pa kunakili. Nilikuwa na kumbukumbu yangu tu, na nilipojaribu kukumbuka ile picha nilimkumbuka Joel, kicheko chake, kamba ya kikapu begani. Mbwa sikumkumbuka. Sikuwa nimemtazama.

Nilichora ya kijani, nikatoa nakala ndogo, nikampelekea.

"Hiyo ni paka," akasema.

Nikaongeza manjano. Nikapeleka.

"Hiyo ni lori la majani."

Nikapunguza. Nikapeleka.

"Hii ni nini, limau?"

Ng'ang'a akachoka na wino wake unavyokwisha. Akasema mlete mwenyewe hapa, aketi, aseme. Basi nikaja naye Kericho siku ya soko, amevaa koti la kanisani. Ng'ang'a alimwita Cucu, nyanya kwa Kikuyu, akamtolea kiti chake, akamletea chai na mandazi, akaanza kumwelezea jinsi kompyuta inavyofanya kazi. Kogo akanigeukia.

"Mwambie tajiri wako anyamaze kidogo, nimwangalie mwanangu."

Nikamwambia. Ng'ang'a akatoka nje, na huo ndio wakati pekee nilimwona akitii bila kujibu. Kogo hakuwa amewahi kuona picha kwenye kioo kama kile, kubwa, inayotoa mwanga wenyewe. Alikaa akamtazama Joel kwa muda mrefu kabla ya kuniruhusu nisogeze kitu. Kisha tukaanza. Nilikuwa nikisogeza rangi kidogo, yeye anasema zaidi, au anasema rudi. Asubuhi yote. Mwishowe akafumba macho, akayafumbua, akatikisa kichwa.

"Hapana. Nadanganya sasa. Umenionyesha nyingi mpaka nimesahau ile yangu. Twende nyumbani tukamwangalie mwenyewe."

Hilo nataka mlishike kuliko ile habari ya kuhifadhi kwa jina jingine. Mwanamke aliyekuwa na hamu na kitu kile kuliko mtu yeyote, alipoona hajui tena, alisema hajui. Angeweza kusema basi, hiyo inatosha. Mimi ningesema. Nilikuwa nimeshasema, Alhamisi ile, nilipochukua macho ya mbwa wa meneja.

Ile picha niliimaliza Jumatano iliyofuata, na iko ukutani kwangu hadi leo. Wageni huniuliza mbona mwanamke aliyefanya kazi studio ameacha macho ya mbwa yanawaka hivyo, na kama nataka kuna kijana wanamjua anaweza kuyatoa kwa simu. Huwa nawaambia niko sawa.

Lakini jioni ile tulifika Boito jua limeshazama. Polisi hakuwepo. Msifikiri alikuwa amekwenda kumngoja Joel. Alikuwa anakwenda kituo cha majani kwa sababu karani wa mizani humtupia mkate, na majani yakishapimwa anarudi. Kogo akachukua tochi ya Joel. Tukasimama mlangoni pake, mimi na kalamu ya wino na mkono wazi, maana karatasi nilikuwa nimeisahau kwenye kikapu cha mjini. Tulisimama kwa muda. Mbali kidogo mtu alikuwa anaita ng'ombe wake. Halafu macho yakaonekana pale chini kwenye kona, mawili.

"Tazama," Kogo akasema.

Yalipanda. Yalikuwa ya kijani, lakini kijani cha jani changa likiwa na jua nyuma yake, na pembeni manjano kidogo, na la kushoto lilififia kuliko la kulia. Hilo la kushoto sikuwa nimelijua, wala sikumbuki kama lilikuwa hivyo kwenye picha ya Ng'ang'a.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Andika."

Nikaandika kwenye kiganja. Kijani cha jani changa. Manjano pembeni. Kushoto hafifu. Polisi akatupita, akanusa sufuria, akaenda kulala mahali pake kando ya kuni. Kogo hakumgeukia. Tochi aliiacha ikimulika njia, pale chini kwenye kona, mkono wake umenyooka. Nilimaliza kuandika, na bado alikuwa anamulika. Kisha akasema betri zinaisha, akaizima.